Nyota tatu na joto lisilosambaa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina programu ya C inayokokotoa joto linavyosambaa kwenye bamba la chuma. Natumia mabamba mawili, la zamani na jipya, kila moja double ** (pointa, yaani anwani ya kumbukumbu, inayoelekeza kwenye pointa za double), na kila hatua nayabadilishana. Fankisheni ya kubadilishana inapokea char *** ili ifae aina zote. Anwani za mabamba nimezigeuza mapema ziwe char *** nikazitunza kwenye struct. Tangu nihamie kompaila ya Clang 20, kwa -O2 (kompaila ikiongeza kasi) hatua 1 na hatua 1000 zinatoa majibu yaleyale! Kwa -O0 (bila kuongeza kasi) iko sawa. Kompaila imeharibika?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba. Pole, najua uchungu wake. Mdudu wa jinsi hii aliwahi kunila siku mbili nzima, nikishuku hesabu zangu kumbe hesabu hazikuwa na kosa.

Kompaila ni nzima. Kosa liko kwenye char ***. Wengi tulifundishwa kwamba char inaruhusiwa kusoma kumbukumbu ya aina yoyote, na ni kweli. Lakini ruhusa hiyo ni ya char yenyewe. Pointa ya char ni aina nyingine kabisa, na haina ruhusa ya kugusa mahali palipotunzwa pointa ya double. Sheria hii ya C ni ya zamani. Clang ndiyo iliyokuwa mpole: hadi toleo la 19, pointa zote, ziwe na nyota moja au tano, zilibeba alama moja ya aina, "any pointer", ambayo kompaila huitumia kuamua kama maandishi ya pointa moja yanaweza kugusa nyingine. Toleo la 20, la mwaka 2025, linahesabu nyota na kuangalia kilicho chini yake. Double ** yako ni "p2 double" (p2 ni nyota mbili), na char ** iliyoandikwa na fankisheni yako ni ya ukoo mwingine, ingawa nayo ni p2.

Sasa fuata kitanzi chako. Kompaila inaona unasoma pointa ya bamba jipya kila mzunguko. Inatafuta nani anaweza kuibadilisha. Double unazoandika? Hapana. Char ** zinazoandikwa wakati wa kubadilishana? Alama tofauti, hapana. Basi inaisoma mara moja nje ya kitanzi. Mabamba yanabadilishana kwenye kumbukumbu, lakini kitanzi hakiangalii tena, na kila hatua inarudia kazi ya hatua ya kwanza.

Dawa ninayoipenda ni kuandika fankisheni ipokee double ***, na struct itunze hivyohivyo. Utapoteza ile "ifae aina zote", lakini kubadilishana ni mistari mitatu tu. Iandike upya kwa kila aina bila aibu. Ukiwa na haraka, -fno-pointer-tbaa itakurudishia tabia ya zamani, na -fno-strict-aliasing inazima makisio yote ya kompaila yanayotegemea aina. Kerneli ya Linux hujengwa nayo.

Ukishasahihisha, jenga mara moja kwa -fsanitize=type, kikaguzi cha makosa ya jinsi hii programu ikiwa inakimbia, kilichokuja na Clang 20 hiyohiyo, uone kama kuna char *** nyingine umeisahau.