Barua Zenu kwa Fundi: Kombora Lilijuaje Wakati wa Kupasuka?

Mwezi uliopita niligusia, kwa mistari michache tu, ule mzinga wa meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg, ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uliowekwa Fort Jesus, Mombasa. Barua zilizofuata zimenikalisha barazani siku mbili nzima. Nimechagua nne. Moja inataka jibu la haraka, kwa hiyo naitanguliza.

Fundi, salaam. Kijana wangu alikuwa akilima shamba letu huku Lindi, jembe likagonga chuma kizito chenye umbo la chupa. Kina kutu, na karibu na kitako kina mkanda wa shaba. Nataka kukisafisha nikiweke sebuleni. Nitumie dawa gani?
*Msomaji, Lindi*

Ndugu yangu, usitumie dawa yoyote. Kiache palepale kilipo. Usikisugue, usikimwagie mafuta ya taa, usiwaache watoto wakisogelee. Weka alama kwa mbali, kisha nenda polisi leo hii ili waitwe wanajeshi wenye ujuzi wa mambo haya.

Huo mkanda wa shaba ndio ulionishtua. Ndani ya mtutu wa mzinga kuna mifereji iliyokatwa kwa kuzunguka, kama hesi za skrubu. Shaba ni laini, hivyo mzinga unapofyatuliwa, mkanda unajikaza ndani ya mifereji ile na kombora linatoka likizunguka. Mtu hafungi mkanda wa namna hiyo kwenye chupa wala kwenye bomba la maji; hilo laelekea kuwa kombora la mzinga.

Na kutu isikudanganye kwamba limekufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 majeshi mengi yalikuwa yakijaza makombora asidi ya pikriki, dawa ya kulipua ya rangi ya manjano. Wafaransa waliiita melinite. Waingereza waliiita lyddite, kwa sababu waliijaribia katika mji wa Lydd. Wajapani waliipa jina la mhandisi wao Shimose, na waliitumia kuwapiga Warusi baharini huko Tsushima mwaka 1905. Ina nguvu sana, lakini ikikaa imegusana na metali huzaa chumvi zinazoweza kulipuka kwa mtikisiko mdogo tu. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya Wajerumani, tangu 1902, wahamie TNT, dawa nyingine ya kulipua, ambayo ni tulivu zaidi na huyeyuka kwenye nyuzi kama 80, ikamiminwa ndani ya kombora kama nta ya mshumaa. Ubelgiji na Ufaransa wakulima bado wanaibua makombora ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila msimu wa kulima, zaidi ya miaka 100 baadaye. Nenda polisi, kisha uniandikie nijue mko salama.

Mimi ni muuguzi. Nimesikia kwamba wanawake wa viwanda vya makombora vya Uingereza waligeuka rangi ya manjano. Ni kweli?
*Msomaji, Morogoro*

Ni kweli, dada. Waliitwa kanari, kama wale ndege wa manjano. TNT hupenya kwenye ngozi na kuingia kwa pumzi, na kwa kazi yako unajua ini likidhurika macho na ngozi husema nini. Wengine walikufa kwa sumu hiyo.

Mei 1915 gazeti la The Times liliandika kwamba askari wa Uingereza walioko Ufaransa hawana makombora ya kutosha. Serikali ikatikisika, ikaundwa wizara nzima ya silaha chini ya mwanasiasa Lloyd George, na wanawake kwa maelfu wakaingia viwandani. TNT nayo haikutosha. Wakemia wakaichanganya na nitrati ya amonia, chumvi ambayo wakulima wa leo wanaijua kama mbolea, wakapata amatol. Kwa maoni yangu, huo mchanganyiko wa bei nafuu uliamua mambo mengi kuliko mizinga mikubwa inayopigwa picha. Lakini tarehe 1 Julai 1918 kiwanda cha kujaza makombora cha Chilwell, karibu na Nottingham, kililipuka. Walikufa watu 134. Waliotambulika kwa majina ni 32 tu.

Babu yetu alikuwa akisema kwamba Manza, kaskazini ya Tanga, ilizama meli ya Wajerumani yenye risasi, na watu wakazivua baharini kama dagaa. Mimi nauliza: baruti iliyoloa maji ya chumvi inapigaje tena?
*Msomaji, Tanga*

Babu yenu alisema kweli. Meli hiyo ni Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg. Ilileta bunduki, risasi, makombora, na makaa ya mawe kwa ajili ya Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifukuza hadi ndani ya ghuba ya Manza. Nahodha Christiansen akaizamisha mwenyewe kwenye kina kifupi, Waingereza wakaondoka wakidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Wapiga mbizi wakaanza kuitoa shehena ile.

Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu jibu lingekuwa tofauti kama ingekuwa baruti ya zamani. Baruti nyeusi ni mkaa, kiberiti (yaani salfa) na shura. Shura inayeyuka majini kama chumvi ya mezani, kwa hiyo ikishaloa kinachobaki ni tope. Ila mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi mzito, ambayo asili yake ni pamba iliyotiwa asidi. Hiyo haiyeyuki majini. Ukiianika vizuri, inarudi kufanya kazi. Basi risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, maganda yakasafishwa, zikafungwa upya. Kilichoharibika zaidi ni fataki, ile dawa ndogo kitakoni inayowasha baruti ikigongwa. Fataki ikila chumvi, askari anavuta kifyatulio na bunduki inanyamaza.

Mimi nikiwaza kazi ile, akili haiendi kwa nahodha. Inaenda kwa wale waliokaa kivulini siku baada ya siku, wakifungua na kufunga, vidole vikinuka baruti. Hakuna aliyeandika majina yao.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nilimpeleka nyanya yangu, mwenye miaka zaidi ya 80, Fort Jesus. Aliushika ule mzinga akasema babake alikuwa mpagazi wakati wa vita, na alikuwa akisimulia kwamba kombora la Mjerumani lina saa ndani yake. Niliposema hivyo darasani, nikaambiwa hizo ni hadithi za wazee. Nani mkweli?
*Msomaji, Mombasa*

Marahaba, mjukuu wangu. Nyanya yako ni mkweli, ingawa saa ya babake na saa ya ukutani si ndugu wa tumbo moja.

Nimekaa miaka 34 mbele ya mashine ya kerezo, nikichonga vyuma kwa vipimo ambavyo jicho peke yake haliwezi kuviona. Barua yako imenigusa kwa sababu watu wakitazama mzinga hutazama urefu wa mtutu. Mimi hutazama kile kichwa kidogo kilichofungwa kwa hesi kwenye ncha ya kombora. Kinaitwa fyuzi, lakini si ile ya umeme. Ndiyo akili ya kombora, inayoamua lipasuke lini.

Mwaka 1914 mzinga wa kawaida wa Waingereza, ule ulioitwa wa ratili 18 kwa uzito wa kombora lake, ulirusha zaidi makombora ya shrapnel, jina la afisa Henry Shrapnel aliyebuni wazo hilo mwaka 1784. Ndani mlikuwa na gololi kama 375 za risasi. Kiswahili chetu kinaita risasi ile madini yenyewe na pia kile kinachotoka kwenye bunduki. Hapa zilikuwa yote mawili. Kombora hilo halina faida likipasuka ardhini. Linatakiwa lipasuke hewani, mbele na juu kidogo ya askari, gololi zitawanyike. Likiwahi au likichelewa sekunde moja tu, limepotea bure.

Sasa lilijuaje? Chukua dawa ya mbu, ile ya mviringo. Ukitaka iwake usiku kucha, unaiwasha kwenye ncha. Ukitaka iwake kidogo, unaivunja katikati. Fyuzi ya wakati ule ilikuwa hivyo hivyo: pete za shaba zenye mfereji uliojazwa baruti iliyoshindiliwa. Mpiga mzinga alizungusha pete moja ili moto upite njia fupi au ndefu kabla ya kufika ndani. Na pembeni mwa pete kulichorwa mistari na namba, mfano wa uso wa saa. Babake nyanya yako akiliokota kombora ambalo halikupasuka, au akiliona kwenye nyara za vita, nadhani hicho ndicho alichokiona. Mtu aliyetazama pete zile akaziita saa hakukosea hata kidogo.

Lakini moto una udhaifu wake. Juu angani hewa ni nyepesi, na baruti ile huwaka polepole zaidi. Ndege zilipoingia vitani, wapiga mizinga walikuta makombora yanachelewa kupasuka. Hapo Wajerumani wakawaendea mafundi saa. Kampuni ya Krupp ilishirikiana na Thiel, watengeneza saa wa mji wa Ruhla katika Thuringia, na kufikia 1916 walikuwa na fyuzi yenye saa kweli: springi, magurudumu ya meno, kila kitu. Kombora la ule mzinga wa ratili 18 lilizunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Mashine yangu ya kasi kuliko zote haikufika 2,000, na ilikuwa ikitetemesha sakafu. Kutengeneza saa inayovumilia pigo la kufyatuliwa, kisha ikahesabu sekunde kwa usahihi ikiwa ndani ya kimbunga kile, ni ufundi ambao mpaka leo unanisimamisha nywele. Na inaniuma kwamba ufundi huo ulitumika kuua.

Hata hivyo, ukiniuliza ni kichwa kipi kilibadilisha vita zaidi, sitataja saa. Nitataja fyuzi ya Kiingereza iliyoitwa Namba 106. Tarehe 1 Julai 1916, mtoni Somme huko Ufaransa, Waingereza walishambulia baada ya siku saba za kupiga makombora zaidi ya milioni moja na nusu. Walikuta seng'enge za Wajerumani bado zimesimama sehemu nyingi. Gololi za shrapnel hukata seng'enge pale tu kombora linapopasuka kwenye kimo hasa kinachotakiwa. Makombora ya kulipuka nayo yalizama kwanza udongoni ndipo yakapasuka, yakachimba shimo na kuirusha seng'enge juu, ikaanguka imesokotana zaidi. Siku hiyo moja walikufa Waingereza 19,240.

Namba 106 ilijaribiwa vitani mwishoni mwa 1916, ikaenea 1917. Ilipasua kombora mara tu linapogusa kitu, kabla halijazama, hata kikiwa ni waya. Mlipuko ukatambaa juu ya ardhi badala ya kuchimba. Aprili 1917, Wakanada walipopanda kilima cha Vimy, njia kwenye seng'enge zilikuwa zimekwisha kukatwa. Fyuzi yenyewe unaishika kwa kiganja kimoja.

Kuhusu ule mzinga alioushika nyanya yako: Königsberg ilimalizwa Rufiji tarehe 11 Julai 1915, lakini Wajerumani waliiopoa mizinga yake yote 10 ya milimita 105, wakaifanya ipigane nchi kavu. Kombora lake lina kilo kama 17. Likiwa na ganda la shaba na baruti yake, linafika kilo 25 hivi, yaani mzigo kamili wa mtu mmoja. Mzinga mmoja ulivutwa na mamia ya watu porini. Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, Carrier Corps, na ndilo jina tulilolitamka kwa ulimi wetu likawa Kariakoo pale Dar es Salaam, na Kariokor kule Nairobi.

Kwa hiyo mrudie nyanya na simu yako, umrekodi. Muulize babake alibebea upande gani, alipita njia ipi, mzigo ulikuwa nini, na saa ile aliiona wapi. Muulize pia wimbo waliokuwa wakiimba njiani, kama anaukumbuka. Niletee kwa maneno yake mwenyewe bila kuyarekebisha, nami nitamwachia yeye nafasi hii mwezi ujao.