Fast siyo kasi tu

Mdogo wangu, umeuliza kuhusu neno la Kiingereza fast: inakuwaje mtu aliye "fast asleep" awe "amelala haraka". Hapana, amezama kwenye usingizi mzito. Maana ya zamani zaidi ya fast ni imara, kilichoshikamana. Ya kasi ilikuja baadaye. Ndiyo maana kuna fasten. Ukipanda basi hapa Mbeya kwenda Dar, kabla ya kuteremka mlima Kitonga unafunga mkanda: ndiyo fasten hiyo.

Juzi nilinunua kitenge Mwanjelwa, nikakiloweka, maji yakageuka zambarau beseni zima. Rangi ya kile haikuwa fast, yaani ilichuja.

Kinachonifurahisha zaidi ni funga yetu. Tunafunga mlango, tunafunga Ramadhani na Kwaresima. Kiingereza nacho kina fasten (kufunga kitu) na fast (kufunga kula), mzizi mmoja. Breakfast ni kuvunja mfungo wa usiku, nasi tunasema kifungua kinywa!

Saa ikiwa "five minutes fast" imetangulia dakika 5. Na tafadhali, kwenye mtihani usiandike "fastly". Andika "she runs fast", inatosha. Kosa hilo naliona kwenye madaftari kila wiki na linaniuma, maana ni alama za bure zinapotea.