CA-125 imepanda na nina mimba: yaliyonipata mimi

Mdogo wangu, pole sana. Umesema mimba ina wiki 11, ultrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye ovari ya kulia, CA-125 (kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya ovari) imetoka 74, AFP, protini nyingine wanayoipima kwenye damu, nayo iko juu, na tangu juzi hulali. Nilipita humo humo miaka minne iliyopita.

Yangu ilitoka 81. Karatasi ya maabara inasema mwisho ni 35, na namba yangu ilizungushiwa kalamu nyekundu. Daktari wa kwanza akaniambia nifikirie kuitoa mimba mapema. Nililia kwenye daladala mpaka nyumbani.

Daktari wa pili, mama mtu mzima, alinieleza kwamba ile 35 ni ya mtu asiye na mimba. Miezi mitatu ya mwanzo CA-125 hupanda kwa sababu utando wa mji wa mimba wenyewe unaitengeneza. AFP inatoka kwa mtoto. Hata hCG, ile homoni ya mimba, ambayo baadhi ya saratani za ovari huitoa, kwa mjamzito inatoka kwenye kondo la nyuma. Zote tatu zinaweza kuwa juu na ovari ni nzima kabisa! Yeye akataka LDH, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu, ambayo mimba isiyo na matatizo haiipandishi sana, na ultrasaundi irudiwe na mtu mzoefu.

LDH ikaja juu mno, zaidi ya 900. Uvimbe haukuwa wa maji, ulikuwa nyama tupu, sentimita 9. Tukasubiri mpaka wiki ya 17, kondo likiwa limeshaanza kuitunza mimba lenyewe, ndipo wakatoa ovari ya kushoto. Majibu yakasema disgerminoma, saratani adimu ya seli za mayai ambayo huwapata zaidi wasichana na wanawake wenye umri mdogo. Ilikuwa haijatoka nje ya ovari, kwa hiyo sikuwekewa dripu za dawa, nikabaki na kliniki ya ufuatiliaji. LDH ilishuka hadi 190. Mwanangu sasa yuko chekechea.

Yako huenda si hiyo. Uvimbe mwingi wa wiki hizo ni kile kifuko kinachobaki yai likishatoka, na kwa kawaida hunywea chenyewe kabla ya wiki ya 16. Muulize daktari: ni maji au nyama? Una sentimita ngapi? LDH imepimwa?

Uliuliza pia kama damu ya ujauzito inaweza kutabiri saratani ya miaka ya mbele. Finland walianza kukusanya na kuhifadhi sampuli za damu za wajawazito mwaka 1983, na watafiti waliozichunguza waliona uhusiano kati ya homoni za jamii ya androjeni (zile zinazoitwa za kiume, ingawa wanawake pia wanazo) zikiwa juu na uvimbe fulani adimu wa ovari baadaye. Huo ni utafiti, si kipimo cha kwenda kulipia dirishani. Usikubali kuuziwa.

Na ukijifungua, CA-125 hupanda tena kwa muda mfupi. Wasikupime wiki hiyo wakakutia presha bure. Ukishapata LDH, iandike hapa hapa, nitakujibu.