Kabla hujachora duara jekundu kwenye nguzo

Nimeletewa tena mchoro wa ghala la enzi ya Malkia Victoria, nguzo ya katikati imezungushiwa duara jekundu: iondolewe, sebule ipate nafasi. Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kugeuza maghala haya kuwa fleti na hoteli hapa Liverpool na Manchester, nawapenda, lakini kikao cha saiti hakiwezi kuwa darasa la jambo lilelile kila mara.

1. Nguzo hizo ni za chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Hubeba mzigo wa kukandamiza vizuri mno. Ukikivuta au kukipinda, kinakatika ghafla bila kuonya. Msikichomelee kama chuma cha leo.

2. Sakafu zake nyingi ni matao mafupi ya matofali yanayokaa juu ya boriti za chuma. Kila tao linasukumana na jirani yake, kama watu walioegemeana mabega. Ukitoboa sakafu upitishe ngazi, umemwondoa mmoja. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza chini ya dari ndivyo vinavyozuia msukumo huo, kwa hiyo anayevikata ili dari ipendeze anifuate kwanza.

3. Maghala haya yalisifiwa kuwa hayaungui; neno hilo lisiwalaze. Moto wa Tooley Street, London, mwaka 1861, ulianzia ghalani, na James Braidwood, mkuu wa zimamoto, akafa kwa kuangukiwa na ukuta. Chuma cha kalibu kilichopata moto kikamwagiwa maji baridi huweza kupasuka.

4. Chokaa. Hapa nitakaa kidogo, maana bado inaniuma. Kwenye ghala moja nililofanyia kazi, mkandarasi alikwangua chokaa iliyochoka katikati ya matofali akajaza saruji. Ukuta ulinyooka, mteja akafurahi, picha zikapigwa. Majira ya baridi yakaja, nyuso za matofali zikaanza kubanduka na kuanguka vipande. Unyevu uliokuwa ukitoka nje kupitia chokaa ulizibiwa njia, ukahamia ndani ya tofali, ukaganda, ukatanuka. Saruji ilikuwa ngumu kuliko tofali lenyewe. Tulipoamua kuitoa, kila pigo la patasi lilivunja kingo za matofali yaliyodumu zaidi ya karne, na mafundi waashi wazee walifanya kazi ile kimya, bila wimbo. Mliokulia Lamu au Unguja hamna udhuru: kuta za mawe ya matumbawe zikipigwa lipu ya saruji zinaumwa ugonjwa huohuo.

5. Milango mirefu ya kupakulia mizigo, iliyopangana orofa juu ya orofa chini ya winchi, iwekeeni vioo. Msiizibe kwa matofali.

Na mwende Albert Dock, gati la kale lenye maghala hapa Liverpool, kazi ya mhandisi Jesse Hartley iliyofunguliwa 1846. Sehemu yake ikawa jumba la sanaa la Tate mwaka 1988. Anzeni chini kabisa, mfuate nguzo moja orofa hadi orofa, mwandike imebeba nini. Karatasi hiyo ndiyo nitakayoiomba kabla ya mchoro.