Dolwyddelan: treni haisimami mpaka useme

Juzi nimepata ujumbe kwa mwenzangu mmoja hapa Manchester: "Dada, kile kijiji chako cha mawe, mtu anafikaje?" Nikausoma mara mbili. Huyu huyu ndiye aliyenicheka mbele za watu: "Yaani unalipa nauli ukaangalie mawe?" Sawa, najibu hapa hapa, na wengine mfaidike.

Dolwyddelan, kijiji chenye ngome ya kale, iko kwenye milima ya Eryri, kaskazini mwa Wales. Treni nilipandia Llandudno Junction, nikakaa dirishani naangalia kondoo, mara kibao cha kituo changu kikanipita hivi hivi. Kumbe pale treni haisimami mpaka umwambie kondakta. Mimi mtoto wa Mbagala, niliyekua nikipiga kelele "Shusha!" kila siku, nikajifanya mstaarabu kimyaa, mpaka tukaingia kwenye handaki refu na kutokea Blaenau Ffestiniog kwenye mvua. Treni za kurudi ni chache. Nilikaa kituoni zaidi ya saa mbili na biskuti zilizolowa. Kwa hiyo sema mapema unashuka wapi. Wakati wa kurudi, mnyooshee dereva mkono kama unasimamisha daladala.

Ngome yenyewe ni mnara wa mawe juu ya mwamba, nje kidogo ya kijiji. Njiani unapita shambani. Ukifungua geti, lifunge, kondoo wana mwenyewe. Conwy na Caernarfon, wanakojazana watalii, ni ngome za Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza aliyewashinda Wawelisi. Hii aliijenga mtawala wao wenyewe, Llywelyn Mkuu, mwanzoni mwa karne ya 13. Waingereza waliichukua Januari 1283. Nilipanda ngazi peke yangu, mkono ukutani, jiwe baridi kama limetoka kwenye friji. Juu hakuna foleni wala wa kukusukuma akipiga selfi. Mbele yako ni mlima Moel Siabod na ukungu wake.

Ndugu zangu, tuache kutembea kwa macho ya watu. Tunakwenda palipokwisha kupigwa picha, tunarudi na picha ile ile! Barabarani kule wameandika ARAF, "polepole" kwa Kiwelisi, na lugha yao wanaizungumza bila aibu. Sisi tukifika ugenini miezi sita tu, Kiswahili kinatushinda.

Haya, dada yangu: vaa viatu vya kukanyaga matope. Mwavuli uache nyumbani, wangu upepo uliupindua kabla sijafika getini.