Mwanangu alipotea mara mbili. Mara ya kwanza tulikosea wote, polisi na mimi baba yake

Mkuu, pole, na tumshukuru Mungu binti kapatikana mzima.

Kwa mliochelewa kuingia: mleta uzi anasema mdogo wake wa kike, miaka 16, alitoweka siku tano, akakutwa kwa rafiki yake mtaa wa pili. Kituoni wameambiwa waje wasaini, wamchukue, mambo yaishe. Anauliza kama kuna kingine polisi walipaswa kufanya. Nimesoma majibu yote, na nusu yanasema "mchapeni, hatarudia". Na mimi zamani ningeandika hivyohivyo.

Kijana wangu alitoroka bweni akiwa kidato cha pili, miaka 15. Mimi nakaa Morogoro, shule ilikuwa mkoa mwingine. Patroni alinipigia Jumapili jioni baada ya kuhesabu vitanda. Jumatatu usiku nikapigiwa tena: kaonekana stendi ya mji mmoja wa njiani, anaosha mabasi apate nauli, makondakta wamempeleka polisi. Nikapanda basi la alfajiri, saa tano asubuhi ya Jumanne nikawa pale.

Kituo sitakitaja. Nilimkuta amekaa sakafuni nyuma ya kaunta, pekupeku, viatu na mkanda wamemvua kama mtuhumiwa. Mahabusu hawakumweka, hilo nawashukuru, ila alilala palepale chini. Askari wa zamu akaniuliza mbele yake, "Mzee, huyu ndiye anayekusumbua?" Nikamzaba kofi. Mbele ya watu waliokuja kuchukua RB za simu na vitambulisho vilivyopotea. Askari akacheka, akasema, "Ongeza."

Kijana akapewa karatasi aandike ahadi kwamba hatatoroka tena. Akaandika kwa mwandiko safi, ule wa mtihani wa insha. Nikasaini daftari, tukatoka. Dakika 20 hazikufika. Hakuna aliyemuuliza kwa nini aliondoka, na mimi sikuuliza. Nilimnunulia soda na mayai ya kuchemsha dirishani kwenye basi, nikamrudisha moja kwa moja shuleni asikose mitihani ya muhula. Huko wakamchapa mstarini. Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne na viandikwe kwenye kitabu. Vyake walivihesabu wenzake, na vinne vilipita mapema.

Wiki ya tano akatoweka tena. Safari hii siku 11.

Alipatikana Mufindi, kwenye mashine ya kupasua mbao, anabeba mabanzi. Mama ntilie aliyekuwa akiwapikia vibarua ndiye aliyemtilia shaka: mtoto mdogo, Kiswahili cha shule, hapokei simu kwa sababu hana. Akampeleka kituoni mwenyewe. Nikapigiwa na askari wa kike wa dawati la jinsia na watoto. Maneno yake nayakumbuka: "Mzee, mtoto yupo, mzima, amekula. Njoo, ila usije na hasira zako."

Nilipofika hakunipa mtoto. Akanikalisha kwenye benchi nje, nikakaa karibu saa mbili natafuna kucha. Ndani walikuwa yeye, kijana wangu na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nikamwambia, "Afande, mimi ndiye baba yake." Akasema, "Ndiyo maana."

Alichokisema mle ndani sitakiandika hapa, ni chake. Itoshe kwamba kilitokea bwenini, usiku, waliomfanyia ni wakubwa zake wawili wa kidato cha nne, na kilianza kabla hajatoroka mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimemrudisha palepale kwa nauli yangu, na polisi walinisindikiza kwa muhuri.

Mkuu, mengine yote nitakayosema yanatokana na hapo. Mtoto akipatikana, kabla ya kumkabidhi kwa mtu yeyote, mtu mzima ambaye si wa nyumbani kwao na si wa shuleni kwao akae naye faragha amuulize alikuwa anakimbia nini. Asiulizwe "kwa nini umetusumbua", maana jibu la hilo ni "nisameheni". Baada ya mwaka hivi nilimuuliza kijana, ningekuuliza siku ile ya kwanza ungeniambia? Akafikiri, akasema, "Wewe hapana. Yule afande angeniuliza siku ile, ningesema." Iliniuma, lakini nimeikubali. Nilikuwa baba wa makofi, angeniambiaje?

Na aliyekimbia nyumbani au shule hajatenda jinai kwa kukimbia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto hadi afike miaka 18, na inasema jambo lolote linalomhusu lipimwe kwanza kwa maslahi yake. Kwa hiyo kuvuliwa viatu, kukalishwa chini na kuandikishwa ahadi ni kumfanya mkosaji wakati hamjajua kama amekosewa. Ile karatasi ya ahadi ndiyo naichukia kuliko hata kofi langu. Ilimfundisha kwamba serikali imeshaamua nani mwenye makosa. Mara ya pili alipotoroka alihakikisha hapiti stendi, maana stendini kuna watu wa kumpeleka polisi.

Sasa hospitali. Hapa naomba msome polepole. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya mtu kufanyiwa ukatili lazima zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kijana wangu alifanyiwa Jumamosi usiku. Nilipokuwa nazaba kofi pale kaunta Jumanne saa tano, zilikuwa zimepita kama saa 60. Muda ulikuwepo. Swali moja tu, PF3 moja (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), angewahi. Mara ya pili ikabaki kupima, kusubiri, kupima tena, na mama yake hali wala halali kila tukingoja majibu. Majibu yalikuja mazuri, lakini sitasahau ile miezi. Kwa binti ongeza kwamba vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina mwisho wake, siku tano. Mdogo wako amekaa siku tano nje, mkuu, kwa hiyo hili si la kusubiri Jumatatu ofisi zifunguliwe. Nguo alizokutwa nazo msizifue kwanza.

Ila angalieni familia isigeuze hospitali kuwa mahakama. Kuna wajomba na mashangazi watakaodai binti "apimwe" wajue kama bado ni bikira. Kataeni. Daktari ni kwa afya yake, aelezwe anafanyiwa nini na kwa nini, na aliye naye chumbani awe mtu anayemtaka yeye. Na msidhani ni mambo ya mabinti tu. Wa kwangu ni mvulana, na nadhani ndiyo sababu mara ya kwanza hakuna aliyewaza kuuliza. Mvulana akitoroka watu wanasema bangi au kubeti.

Suala la kulala. Pale pa pili saa zilikuwa zimeenda, na yule afisa ustawi hakutaka nisafiri naye usiku huohuo kabla hajaridhika na mimi. Nilikasirika tena (siku ile nilikasirika mara nyingi). Kumbe zipo familia za kuaminika, watu ambao ustawi wa jamii wamewachunguza ili wamhifadhi mtoto kwa muda mfupi mambo yake yanaposhughulikiwa. Akalala kwa mama mmoja mwalimu mstaafu, akaoga maji ya moto, akaamka saa nne. Kesho yake ndipo tukakaa watatu: mimi, yeye, afisa. Cha kwanza kijana aliulizwa, "Unataka kwenda wapi?" Akasema nyumbani, shuleni hapana. Nikaambiwa nisaini kwamba simrudishi pale. Nikasaini.

Dada yangu yuko Leicester, Uingereza, analea watoto wa halmashauri ya huko nyumbani kwake. Nilipomsimulia akaniambia kwao mwongozo wa serikali wa 2014 unaitaka halmashauri impe mtoto aliyerudi nafasi ya mazungumzo ndani ya saa 72, na anayeongea naye awe mtu huru, si mlezi wake. Polisi nao wana ukaguzi wao kabla ya hapo. Anasema wengi wanajibu "sijui" na kunyanyua mabega, wengine wanagoma kabisa. Sawa. Lakini mtoto anajua mlango upo. Kwetu mlango huo unategemea umeangukia kwa askari gani zamu ile.

Najua mtakachosema, vituo vyetu havina watu. Kweli, madawati ya jinsia na watoto yapo zaidi ya 400 nchini, na mengine ni askari mmoja ambaye mchana huohuo anashika kaunta. Lakini kile chumba nilichokiona kilikuwa na meza moja, viti vitatu vya plastiki na kitenge kimening'inizwa dirishani watu wasichungulie. Chai ilitoka kwa mama ntilie wa nje, afande akalipa mfukoni mwake. Kituo cha kwanza kilikuwa na jengo zuri kuliko hicho.

Kuhusu matangazo, hili wengi wanalisahau. Picha ya kijana wangu na sare, jina kamili, shule na namba yangu ilizunguka magrupu ya WhatsApp hadi Oman. Alipopatikana nikaandika kwa furaha kapatikana wapi na alikuwa akifanya nini. Kosa kubwa. Miezi mitatu baadaye watu bado wananipigia, "mwanao tunaye huku, tuma ya kutolea". Na shule mpya walimpokea wakiwa wameshamjua kama "yule wa mbao". Andikeni "amepatikana, asanteni", mfute picha, muwaombe waliosambaza wafute. Polisi nao wasimpige picha na kumrusha kwenye kurasa zao akiwa amesimama na mkuu wa kituo. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za mtoto kuwa nyeti, haijalishi habari ni njema.

Narudi kwa mdogo wako. Umeandika "kwa rafiki yake", ukapita. Huyo rafiki anaishi na nani? Nani wakubwa wa nyumba ile, na kwa nini siku tano nzima hawakupiga simu wala kwenda kwa mjumbe? Huenda ni mama wa watu aliyeogopa kumsaliti binti anayelia, na huyo ni wa kushukuriwa. Huenda kuna mwanaume. Ikiwa kuna mwanaume, wazee watataka kumalizana nyumbani, mbuzi, faini, au aolewe kabisa. Wakatalieni mapema. Chini ya miaka 18 ridhaa ya binti haimwokoi huyo jamaa kisheria, na kama bado ni mwanafunzi, sheria ya elimu tangu marekebisho ya 2016 inataja miaka 30 jela kwa anayemwoa au kumpa mimba. Polisi anayewaambia mkayamalize huko anajitua mzigo.

Lakini pia huenda hakuna mwanaume, na anachokimbia kiko sebuleni kwenu. Naomba usinichukie kwa kusema hivyo. Ndiyo maana wewe, mama yenu, wala baba yenu msiwepo anapoulizwa.

Akisema "sijui", mwacheni alale, ale. Muombeni afisa ustawi amtembelee baada ya wiki na tena baada ya mwezi. Wa kwetu alikuja mara tatu kwa bodaboda, mara ya tatu kijana ndipo alipoongea habari za kile kipigo cha mstarini. Na mpeni namba 116, ni ya watoto, bure, anaweza kupiga mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wa kwangu sasa yuko shule ya kutwa, kidato cha nne. Mambo ya wale wawili yako kwenye mkondo wake, siyaandiki.

Kesho ukienda, pita kaunta uulizie dawati la jinsia na watoto moja kwa moja. Wakisema aliyepo katoka, kaeni msubiri, msisaini kitu. Ukikwama njoo PM, ila mchana niko gereji, nitajibu usiku.