Soma Sura Nzima Kwanza: Kwa Wanaoanza Kuongoza Vikundi vya Kujifunza Biblia

Ninyi mliokabidhiwa mwaka huu kazi ya kuongoza masomo ya Biblia katika ibada za nyumba kwa nyumba mtagundua mapema kwamba wengi wa ndugu zetu wanaijua Biblia kwa mistari, hawaijui kwa vitabu. Mtu anaweza kukutajia Yeremia 29:11 bila kufungua ukurasa, lakini ukimuuliza Yeremia alikuwa akiwaandikia akina nani, hana jibu. Hatuna sababu ya kumlaumu, kwa maana ndivyo alivyolelewa: kwa mahubiri yanayojengwa juu ya mstari mmoja, kwa kalenda za ukutani, na kwa jumbe za asubuhi zinazotumwa kwenye simu. Kwa uzoefu wangu, msaada mkubwa mnaoweza kumpa ni kumrudisha kwenye sura nzima, na ndiyo maana nayaandika haya kabla hamjazoea njia nyingine.

Chukueni sura hiyo hiyo ya Yeremia. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza alimchukua mfalme Yekonia kutoka Yerusalemu mpaka Babeli, pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi. Waliobaki na waliochukuliwa wote walikuwa na swali moja tu: tutarudi lini? Sura ya 28 inatuonyesha nabii mmoja, Hanania, akisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote na kutangaza kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudishwa na mateka watarejea. Akaitwaa nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja. Kisha mnafika sura ya 29, ambayo ni barua. Yeremia anawaambia walioko Babeli wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na tena wauombee amani mji ule uliowateka. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Ndipo unapokuja mstari wa 11: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.”

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka arobaini barua hiyo iliposomwa alijua kwamba yeye mwenyewe hataiona Yerusalemu tena. Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini ilitolewa kwa taifa zima, na wengi walioisikia walizikwa Babeli wakiwa wameipokea kwa ajili ya watoto wao. Nimemwona kijana aliyeombewa kwa mstari huu, akahakikishiwa kwamba kazi itapatikana kabla ya Desemba. Desemba ikapita, naye akaacha kuja kwenye ibada, akiamini kwamba ama Mungu amemwacha ama imani yake ilikuwa haba. Aliyemwombea alikuwa ametaja maneno ya Yeremia, lakini ahadi aliyoitoa ilikuwa ile ya Hanania. Laiti kijana yule angesomewa sura nzima, angekutana na Mungu anayekaa na watu wake ndani ya kungoja kurefu, anayewaamuru wapande bustani katika nchi ya ugeni na kuyahesabu maisha ya huko kuwa maisha kamili. Faraja ya namna hiyo haivunjiki mwaka unapokwisha, na inaniuma kila ninapoona watu wakinyimwa faraja hiyo na kupewa iliyo nyepesi.

Kwa hiyo, katika kikundi, fungu lote lisomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kutoa maoni, na ikiwezekana lisomwe mara mbili kwa sauti za watu tofauti. Ezra na Walawi walifanya vivyo hivyo: “Nao wakasoma katika kitabu, katika torati ya Mungu, kwa sauti ya kusikilika, wakaeleza maana yake, hata wakayafahamu yaliyosomwa” (Nehemia 8:8). Baada ya kusoma, ulizeni ni nani anayesema, anasema na nani, kuna jambo gani kati yao, ni nini kimetangulia na ni nini kinafuata. Swali la “sisi je?” ni la lazima, kwa maana Biblia haikutolewa ili tuitazame kwa mbali, lakini lisitangulie. Kumbukeni pia kwamba mitume hawakuandika kwa sura na mistari. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ulifanywa katika karne ya 13 na Stephen Langton, na mistari ya Agano Jipya ilipewa namba na Robert Estienne katika chapa yake ya mwaka 1551. Namba hizo zinatusaidia kufika mahali pamoja kwa haraka, ila hazituambii wazo la mwandishi linaanzia wapi na kuishia wapi.

Mfano mwingine ambao hautachelewa kuwafikia ni Wafilipi 4:13, “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu,” ambao wanafunzi huuandika juu ya daftari kabla ya mtihani. Paulo aliyaandika maneno hayo akiwa kifungoni, na mstari uliotangulia unasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anachoweza katika Kristo ni kuistahimili kila hali bila kuipoteza imani. Mwanafunzi na aendelee kuuandika mstari huo, mradi ajue kwamba unamhusu pia siku matokeo yatakapotoka mabaya.

Jambo la pili linalohitaji subira ni kutambua aina ya maandishi mnayoyasoma. Hapa sisi tuliokulia katika Kiswahili tuna msaada uliokwisha kuandaliwa, kwa sababu tunajua jinsi methali zinavyofanya kazi. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na wazee hao hao wakasema ngojangoja huumiza matumbo, wala hakuna aliyewaita waongo. Mwenye busara hujua lini aseme ipi. Fungueni sasa Mithali 26:4–5, ambapo mstari mmoja unakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake na unaofuata unaagiza ajibiwe. Aliyeyapanga maneno hayo bega kwa bega hakughafilika. Anamfundisha msomaji kupima wakati na mtu. Ndiyo maana Mithali 22:6, juu ya kumlea mtoto katika njia impasayo, haipaswi kuwa fimbo ya kumpigia mama ambaye mwanawe ameasi licha ya malezi mema. Hiyo ni hekima inayoonyesha jinsi mambo yanavyoelekea kuwa, na anayeigeuza kuwa hati ya mkataba huwaumiza watu ambao tayari wanalia.

Masimulizi nayo yana kanuni yake: kuandikwa kwa tendo si kuamriwa kwa tendo. Gideoni aliweka ngozi ya kondoo uwanjani kutafuta ishara, na siku hizi wengi hutafuta mchumba au kuamua safari kwa kumwekea Mungu ishara kama yake. Someni Waamuzi 6 yote mkaone kwamba Mungu alikuwa amekwisha kumwambia la kufanya, na kwamba hata Gideoni mwenyewe aliomba asikasirikiwe kwa kuuliza tena. Kitabu kile kinafungwa kwa kusema kila mtu alifanya yaliyokuwa mema machoni pake mwenyewe, na hayo ni maombolezo ya mwandishi juu ya zama zile. Kuhusu Ufunuo nitasema kidogo tu: kiliandikwa kwa makanisa 7 ya Asia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na maelezo yoyote ambayo yasingekuwa na maana kabisa kwa Wakristo wa Smirna na Pergamo yapokeeni kwa tahadhari kubwa. Msianze na kitabu hicho, hata kikundi kikiwasihi.

Mtakutana pia na mtu anayejua kutaja maandiko mengi mfululizo, na kikundi kikamwogopa. Wakumbusheni Mathayo 4. Ibilisi alinukuu Zaburi ya 91 bila kukosea maneno yaliyohusu malaika, akayatumia kumshawishi Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu. Yesu hakuikana zaburi. Alijibu, “Tena imeandikwa,” akaleta neno la Kumbukumbu la Torati lililoonyesha mpaka wa matumizi yake. Andiko hulindwa kwa andiko lingine, na kwa sababu hiyo msiruhusu fundisho zito lisimame juu ya mstari mmoja usioungwa mkono na mahali pengine.

Kuna ulinzi mwingine ambao baadhi ya vijana huudharau, nao ni imani ya Kanisa kama ilivyokiriwa tangu mwanzo. Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika miaka ya 50, alisema anawakabidhi alichokipokea: ya kuwa Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu kama yanenavyo Maandiko, alizikwa, akafufuka siku ya tatu (1 Wakorintho 15:3–4). Huo tayari ni ukiri wa imani, uliokuwapo kabla ya vitabu vya Agano Jipya kukusanywa pamoja. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nikea wa mwaka 325 na ule wa Konstantinopoli wa mwaka 381 iliweka wazi kwamba Mwana ni Mungu kweli na kwamba Roho Mtakatifu huabudiwa pamoja na Baba na Mwana. Ndugu akiwaambia kwamba Utatu ni jambo la wanazuoni, mwonyesheni Neema ambayo yeye mwenyewe huitamka kila tunapofunga ibada: neema ya Bwana Yesu Kristo, pendo la Mungu, ushirika wa Roho Mtakatifu. Hilo ni 2 Wakorintho 13:14, na wanaolitamka ni watoto na wazee, wasomi na wasiojua kusoma. Tafsiri mpya inayomfanya Kristo kuwa pungufu ya hapo imekwisha kupotea, hata kama mwenye nayo amefunga siku nyingi.

Nimetaja kufunga, na sitaki mfikiri kwamba kusoma kwa bidii kunachukua nafasi ya maombi. Mwaka 1929 Mkristo wa Uganda, Simeoni Nsibambi, na daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, walikaa pamoja Kampala wakiisoma Biblia na kuomba, na katika miaka iliyofuata uamsho ulioshika moto Gahini, Rwanda, ulienea Uganda, Tanganyika na Kenya. Ndugu wa uamsho ule walisoma, kisha wakakiri dhambi zao kwa majina yake, wakarudisha vilivyoibwa na kupatana na jirani. Waliita huko kutembea nuruni, kutokana na 1 Yohana 1:7. Kikundi kinachomaliza somo juu ya msamaha huku wawili kati yao hawasalimiani bado hakijamaliza kusoma. Na mkiagiza kufunga, wasomeeni Isaya 58, ambapo saumu aliyoichagua Bwana inafika kwenye chakula cha mwenye njaa. Katika sala, wafundisheni zaburi, pamoja na zile za maombolezo. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila kutatuliwa, nayo imo ndani ya Biblia ili aliyefiwa ajue kwamba hata kilio chake ni sala.

Kwa kuanza, chagueni Marko. Kina sura 16, na kikundi kinachokutana kila wiki kinaweza kukimaliza katika miezi minne hivi. Wekeni mezani Biblia ya Union ya mwaka 1952 pamoja na Habari Njema, na zinapopishana sana, andikeni mahali hapo mkamuulize mchungaji. Itifaki, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yanamopatikana, nayo itawasaidia kufuata neno moja katika vitabu vingine. Swali msiloliweza liahirisheni hadi wiki inayofuata, wala msilijibu kwa kubahatisha ili kulinda heshima yenu. Mtakapofika mwisho, jiandaeni mapema kwa Marko 16:9–20, kwa sababu mistari hiyo haimo katika nakala mbili za Kigiriki za karne ya 4 zinazotegemewa sana, na mtu atakuwa amelisikia jambo hilo mahali fulani na kufadhaika. Mwambieni kweli bila kuzunguka, kisha mrudishe mstari wa 6, ambao uko katika nakala hizo pia, na ambapo kijana aliyevaa mavazi meupe anawaambia wanawake kaburini kwamba Yesu Mnazareti aliyesulubiwa amefufuka.